Tepe za Jentrix wa Kawangware 56

Ukitaka kumpata Jentrix usiulizie fundi wa nguo, kwa sababu mafundi wa nguo pale Kawangware 56 ni wengi kuliko nguo zenyewe. Ulizia mama wa kanzu. Utaonyeshwa duka la Wangoi la misumari na rangi, utapenya kati ya mabati na ndoo, na huko nyuma utakuta chumba chenye mlango wa kijani, cherehani nyeusi ya kukanyaga, pasi ya makaa, na mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye hainui kichwa mpaka amalize mshono alioanza. Ukibisha hodi mara ya pili atakuambia kwamba ile ya kwanza aliisikia.

Amekaa hapo miaka ishirini na sita. Majirani wa saluni wamefungua na kufunga hata hawahesabiki. Walikuja vijana wenye mashine za umeme, wakashona suti za harusi kwa misimu miwili mitatu, halafu mitumba ikawatoa mbio. Jentrix haikumtoa, maana hakuna furushi la mitumba ambalo limewahi kufunguliwa likatoka na kanzu ya Kanisa la Nuru ya Mlima: nyeupe, msalaba mwekundu kifuani, mkanda kiunoni, na kilemba ambacho lazima kisimame hata mvua ikinyesha. Mzungu gani atavaa hiyo kisha aitupe?

Ufundi aliupata Kibera, upande ambao siku hizi unaitwa Raila, alikofikia kwa shangazi yake akitoka Vihiga na cheti cha darasa la saba. Shangazi alimtafutia kazi ya kufua, lakini fundi wa mlango wa pili, Mluo mmoja kwa jina Nereah, alimwona akishika sindano na kumwambia mikono yake inaharibikia kwenye sabuni. Nereah hakuwahi kuingia darasani. Vipimo vya wateja wake hakuviandika popote. Alichofanya ni kuchana utepe mwembamba kutoka ukingo wa kitambaa chako mwenyewe, kuushikilia begani, kuuteremsha mpaka kisigino na kuukata hapo. Halafu aliutia mikato miwili midogo kwa mkasi, mmoja wa upana wa mabega na mmoja wa urefu wa mkono. Basi, umepimwa maisha. Utepe wako ulitundikwa kwenye msumari wako, na siku ukitaka nguo nyingine hukuhitaji kufika. Ulituma salamu tu.

Jentrix alihama na mtindo huo. Ukuta wake ulikuwa na misumari sitini na mitatu, yote ya Wangoi, na tepe sitini na tatu, zote za kitambaa cha tetroni nyeupe cha duka moja. Wazee wa kanisa walikaa juu, waimbaji kushoto, kina mama karibu na dirisha. Majina hakuyaandika, ingawa kuandika anajua na mwandiko wake ni mzuri. "Jina huandikiwa mtu usiyemjua," alisema. Hata watano waliokwisha kufa walikuwa bado na misumari yao, kwa sababu siku ya kuwaondoa hakuwahi kuipata.

Kisha kanisa likapasuka.

Lilipasuka kwa sababu ya kinanda. Shivachi, kiongozi wa waimbaji, mtu wa miaka thelathini na tisa na sauti ya kuamsha mtaa, alileta kinanda cha umeme. Askofu Wanzala, aliyeanzisha kanisa hilo kwa ngoma mbili na kengele miaka karibu thelathini iliyopita, alisema Mungu hajawahi kuomba stima. Wakabishana mwezi mzima. Mwishowe Shivachi aliondoka na watu wake, ishirini na wanane yeye akiwemo, akakodi ukumbi upande wa Riruta na kuliita kanisa lake Nuru ya Mlima ya Kweli. Kwa Wanzala wakabaki thelathini, naye akiwemo, na ngoma zao.

Askofu alimfikia Jentrix wiki hiyohiyo. Ni mzee mrefu, mkavu, na kikohozi chake humtangulia kama askari wa msafara. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akamwita Jentrix kwa jina la mwanawe.

"Mama Ian. Hawa walioasi bado wananing'inia hapa?"

"Wananing'inia kwangu, Askofu. Si kanisani."

"Wewe ni wetu. Huu ukuta ni wetu. Nikirudi nikiwakuta, kanzu za sikukuu ya miaka thelathini tutashona kwingine."

Jentrix alipiga hesabu ya haraka, si ya pesa, ya watu. Ukiondoa Nuru ya Mlima kwenye ule ukuta, kinachobaki ni misumari. Akatoa tepe ishirini na nane, akazilaza kwenye gunia la unga kwa mfuatano wa misumari yake, akalisukuma chini ya meza.

Siku mbili baadaye akaingia Shivachi. Yeye pia alikuwa na sikukuu ya miaka thelathini, Jumapili ileile, maana alidai miaka aliondoka nayo. Aliutazama ukuta kwa muda.

"Kwani tumekufa?"

"Nani amesema mmekufa?"

"Hata marehemu wana misumari, Mama Ian. Sisi tulio hai hatuna. Trizah ameimba na kanzu zako miaka kumi na nne, utepe wake uko wapi?"

Trizah alikuwa nyuma yake, mfuko wa sukuma wiki mkononi. "Mwache ajitetee," alisema. "Labda tumefuliwa."

"Sikiza," Shivachi akasema. "Kama sisi tumetoka, na wao watoke. La sivyo kuna fundi Riruta anatuita kila siku."

Sasa mwanamke mwenye akili zake angewaambia wote wawili waende wakaombewe. Jentrix ana akili, lakini pia ana woga wa mtu aliyejenga kitu kimoja tu maishani. Akatafuta gunia la pili, la mchele, la kupangwa kwa mfuatano uleule. Akija Askofu, watu wa Shivachi walikuwa kwenye unga na wa Askofu ukutani. Akija Shivachi, watu wa Askofu walikuwa kwenye mchele. Mlinzi wa mpango huo alikuwa Wangoi, kutoka kaunta yake kule mbele. Akimwona mzee akikata kona, alipaza sauti kama aliyeulizwa bei: "Misumari mirefu!" Akiwa Shivachi: "Misumari mifupi!" Na Jentrix huku nyuma anatundua na kutundika, kidole kinatoka damu, cherehani imelala.

"Hii kazi yako mpya inalipa?" Wangoi alimuuliza.

"Nyamaza uangalie barabara."

Mpango ukaenda siku tisa. Siku ya kumi, Jumanne, saa nne asubuhi, Wangoi akaita misumari mirefu, na kabla Jentrix hajashika gunia akaita tena, sauti imempanda, misumari mifupi. Mmoja alikuwa anakuja kutoka stejini, mwingine kutoka sokoni. Jentrix alifanya alichoweza. Aliusomba ukuta wote kwa mikono miwili, wazee, waimbaji, kina mama na marehemu, akawasukumia wote ndani ya gunia moja bila mpangilio, juu ya wale waliokuwemo.

Askofu akaingia wa kwanza. Shivachi akasimama mlangoni. Hawakusalimiana.

"Ukuta umeenda wapi?" Askofu akauliza.

"Nataka kuupaka rangi."

"Rangi baadaye. Nimekuja na jambo." Alikohoa, na kwa mara ya kwanza hakumwangalia machoni. "Siku ya sikukuu nitaweka kiti cha Mercyline mbele, pale pake. Juu ya kiti nataka kanzu yake. Ile aliyokuwa nayo tulimzika nayo. Mshonee nyingine kwa kipimo chake."

Mercyline alikuwa mke wake, mama wa kanisa, aliyekufa mwaka wa nne sasa. Ndiye aliyempa Jentrix kanzu ya kwanza kushona alipohamia Kawangware, kisha akamletea kanisa zima nyuma yake, mmoja mmoja, kama anayeleta watoto kliniki. Pale mlangoni, Shivachi aliangalia chini. Alipokuja Nairobi akiwa hana pa kulala, alilala miezi saba jikoni kwa Mercyline.

"Nitashona, Askofu," Jentrix alisema.

Wote walipoondoka akalimwaga gunia sakafuni. Akapiga magoti. Alikuwa anamjua kila mtu wa ukuta ule kwa mahali pake: huyu wa tatu kutoka dirishani, huyu chini ya Mzee Khaemba. Nje ya misumari yao walikuwa rundo la vitambaa vyeupe, vyote na mikato miwili, vyote sawa. Aliinua mmoja, akauweka. Akainua mwingine. Wafupi walikuwa zaidi ya kumi na watano. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, na chozi likamtoka, ambalo alilipangusa kwa ukali kama mtu amemdharau.

Alhamisi akafunga duka na kwenda Kibera.

Nereah ana miaka sabini na miwili, na bado anashona palepale Raila, ingawa sasa ni mapazia na mashuka tu, kwa sababu, anavyosema, dirisha halirudi kulalamikia kwapa. Alimsikiliza Jentrix mpaka mwisho, magunia, Wangoi, misumari mirefu na mifupi, na alicheka mpaka akashika ubavu.

"Nyathina, mtoto wangu, mimi nilikufundisha kutundika. Kuficha ulifundishwa na nani?"

"Wangeondoka wote, mama."

"Na sasa wako?" Akapangusa macho kwa leso. "Uliogopa kupoteza nusu, ukapoteza wote na wafu juu."

"Nipime upya?"

"Walio hai utapima. Huyo mama wa kiti utampima wapi, makaburini Lang'ata?"

Nereah alimwekea chai, akamkatia mkate, na alipoona hali wala hanywi akashusha sauti.

"Utepe haujapotea. Umepoteza mtu wake tu. Warudishe watu, kila utepe uwekwe mgongoni mpaka upate mwenyewe. Utakaokosa mgongo ndio wa marehemu."

"Watu wananenepa. Trizah wa leo si yule niliyempima."

"Kanzu unaipima tumbo? Bega mpaka kisigino ni mfupa. Mkono ni mfupa. Huyo Trizah mfupa wake pia umekula chapati?"

Kwa hiyo ilibidi waje wote. Si thelathini bila ishirini na wanane. Ukipima upande mmoja tu, unaobaki unaweza kuwa wa marehemu au wa mtu aliye Riruta anapiga kinanda. Jentrix alienda kwa Askofu jioni hiyo, kabla jua halijazama, akamwambia yote akiwa amesimama. Hakupamba. Alisema aliogopa, akaficha, akachanganya, na utepe wa Mercyline umo ndani na hawezi kuujua.

Kikohozi kilimjia Askofu akakimeza.

"Watu wangu watakuja Jumamosi asubuhi," alisema. "Wale wengine waje mchana."

"Haitawezekana. Lazima wote wawe hapo pamoja, nijaribu mmoja baada ya mwingine."

"Unanipangia kanisa, Jentrix?"

"Napanga tepe. Ukitaka kanzu ya mama kwenye kile kiti, lete watu. Kama hutaki, niambie nikutafutie fundi mwingine mimi mwenyewe."

Hakuwahi kumwambia mteja maneno hayo. Aliporudi nyumbani, mumewe, ambaye ni askari wa geti Riruta na huongea mara mbili kwa siku, alimuuliza ametoka wapi. Jentrix alimwekea chakula. Akampigia Shivachi simu, na Shivachi hakuuliza maswali mengi. Aliposikia jina la Mercyline alisema tu, "Saa ngapi?"

Jumamosi saa nane, watu wa mjengo wakiwa wameshapewa ruhusa na kina mama wameshafunga meza za mboga, uchochoro wa nyuma ya duka la Wangoi ulijaa. Askofu aliwapanga watu wake ukutani kulia. Wa Shivachi walisimama kushoto. Katikati mlikuwa na mtaro wa maji ya kufulia, na kwa robo saa hakuna aliyeuvuka. Nereah alikuwa amekuja kutoka Kibera na mkasi wake, ameketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, anawakagua kama anayenunua kuku.

"Anza na huyo mnene," alisema.

"Nani mnene?" Trizah akauliza.

"Umejuaje ni wewe?"

Kicheko kilitoka pande zote mbili za mtaro, na kazi ikaanza. Jentrix alimgeuza mtu, akashika utepe begani, akauteremsha. Haukufika. Mwingine. Ulipita. Mwingine. Ukatua kisiginoni kama umetumwa. Akalinganisha mkono, akalinganisha mabega, akasema "ni wako," na Nereah akautundika. Lakini utepe uliomkataa Trizah ulihitaji mwanamke mrefu kidogo, na mwanamke mrefu kidogo alikuwa upande wa Askofu, kwa hiyo ikabidi avuke. Aliyevuka alikuta mwenzake wa chama cha kununuliana sahani, ambaye hawajaongea naye tangu kinanda.

"Kwani ulihama na sufuria yangu kubwa?"

"Iko. Njoo uichukue."

"Nije huko kwenu nipigiwe kinanda?"

"Hatupigi siku za sufuria."

Ilipofika saa kumi huwezi kujua nani alikuwa upande gani. Wanaume ndio walikaa na aibu zaidi. Fundi mmoja wa mawe wa kwa Shivachi aligundulika amevaa kanzu ya mtu mwingine miaka sita, kwa sababu Jentrix siku moja alikosea msumari. Na mwenyewe wa ile kanzu, shemasi wa Askofu, alisema ndiyo maana miaka sita kanzu yake imekuwa na mikono mirefu. Wangoi alikuja kuangalia, akauza kufuli mbili, akarudi.

Hamsini na wanane walipimwa. Sakafuni zikabaki tano.

Tatu zilikuwa ndefu, za wanaume, na waliokuwepo waliwataja kwa majina wakazipokeza ukutani. Zikabaki mbili fupi. Moja ya Mercyline, nyingine ya bibi mmoja aliyekuwa akipiga kengele. Zilipishana upana wa vidole vinne, na Jentrix alizishika zote akazitazama, akashindwa. Bibi alikuwa mfupi. Mercyline alikuwa mfupi. Nani alimzidi mwenzake, hakuna aliyekumbuka. Walikuwa hawasimami pamoja, mmoja alikuwa mbele na mwingine kwenye kengele.

Askofu alinyoosha mkono. Akachukua utepe wa kwanza, akajaribu kuinama aushike chini na kiuno kikakataa. Kabla mtu hajasogea, Shivachi alikuwa amepiga goti kwenye vumbi, akakandamiza ncha ya chini kwa kidole kando ya kiatu cha mzee. Askofu hakusema asante. Aliuvuta utepe juu ukanyooka, akaweka kiganja chake juu ya ncha, kama mtu anayeweka mkono begani kwa mtu. Akafumba macho. Akatikisa kichwa.

"Wa pili," alisema.

Shivachi alishika wa pili. Askofu akauvuta, akaweka kiganja. Kiwiko chake kililegea. Alikaa hivyo, mkono umetulia hewani juu ya kitambaa cheupe.

"Tulikuwa tunapigwa picha hivi," alisema. "Kila sikukuu. Alikuwa akilalamika mkono wangu ni mzito."

Jentrix aliupokea kutoka mkononi mwake na kuutundika yeye mwenyewe karibu na dirisha. Shivachi aliinuka, akajipangusa goti. Watu wakaanza kukohoa na kutafuta viatu vyao.

Askofu alikuwa amegeukia ukuta. Misumari yote sitini na mitatu ilikuwa imejaa, lakini Nereah alitundika alivyopokea, bila kujua wazee wala waimbaji. Mzee, aliyekuwa ameangalia kila utepe ukitundikwa, aliupitia kwa macho mpaka akajipata, na jirani yake akampata pia: Shivachi.

"Mama Ian. Huyu hawezi kukaa karibu na mimi."

"Amekaa."

"Mtoe. Weka kule chini."

Jentrix alikuwa ameshaketi kwenye cherehani, anaingiza uzi.

"Misumari ni yangu, Askofu. Aliyetundikwa ametundikwa. Sitoi mtu tena kwa sababu ya mtu, awe wako au awe wake. Anayeona ukuta unamchoma, utepe wake nitamkabidhi sasa hivi, aende nao Riruta au popote."

Wangoi, kule mbele, alikuwa amesimamisha mteja asiongee. Askofu alitazama utepe wake, akatazama ule wa karibu na dirisha, na hakunyoosha mkono kuchukua wowote.

"Itakuwa tayari lini?" aliuliza mwishowe.

"Ijumaa, kabla ya sikukuu."

"Na zetu?" Shivachi akauliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?" wakauliza wote wawili, pamoja, kisha wakanuna kwa kusema pamoja.

Jentrix hakuinua kichwa. Alikuwa ameshaanza mshono.